Nimeolewa na Nani?

Mama na baba mlioko Sake, Kitchanga, Mweso na Nyabiondo, na ninyi wa Pinga, Mubi, Njingala hadi Walikale-Centre, sikilizeni. Mwenye redio iliyochoka betri azing'ate kidogo, maana leo nina mambo mengi na sitarudia.

Tuchukue mfano. Yuko mwanamke Nyabiondo, mama wa watoto 4. Nitamwita Mama Furaha. Jina hilo nimemtungia mimi, na mnisamehe kwa kufungua mazungumzo ya majina ya uwongo kwa kutunga jina. Miaka 12 iliyopita alitolewa mahari ya mbuzi na mwanaume aliyejulikana pale kama Bahati. Wazee wa pande zote mbili walikaa, kasiksi, ile pombe ya ndizi, ikanywewa, shangazi wakaimba, na kwenye biro ya sekta karani akaandika: Bahati amemwoa fulani binti fulani. Maisha yakaenda. Sasa siku moja mgeni anapiga hodi, anamwangalia bwana wa nyumba, anamwita kwa jina ambalo Mama Furaha hajapata kulisikia tangu azaliwe. Na bwana anaitika. Hapo ndipo palipomuuma. Aliitika upesi, kama mtu aliyeitwa na mama yake.

Usiku ule mama hapati usingizi. Kama Bahati hayupo, mimi nimeolewa na nani? Wale mbuzi walitolewa na nani? Na hawa watoto wanaoitwa watoto wa Bahati ni watoto wa nani?

Nitajibu mapema, ili yule ambaye betri itamzimikia alale na jibu. Mama, umeolewa na mwanaume huyo huyo anayekoroma pembeni yako. Ndoa ipo. Jina la uwongo peke yake haliui ndoa. Lakini kuna kitu kingine linachokitafuna polepole, kama mchwa kwenye nguzo, nacho ni karatasi. Na kuna siku jina la uwongo ni moshi tu, moto wenyewe uko chini, na huo moto unaweza kuichoma ndoa nzima. Sasa tuyafungue hayo.

Kwanza niwaulize, nani kwetu ana jina moja? Wanyanga wa Walikale wana hadithi yao kubwa ya Mwindo, ile aliyoisimulia mzee She-Karisi Rureke na Daniel Biebuyck akaiandika, ikachapwa kitabu mwaka 1969. Mtoto ni Mwindo, lakini anaitwa pia Kabutwa-kenda, aliyezaliwa na papo hapo akatembea. Baba yake, mwami wa Tubondo, anaitwa Shemwindo, yaani baba wa Mwindo. Huyo ni baba aliyeapa kwamba hataki mtoto wa kiume, na hata hivyo jina tunalomjua nalo ni la mtoto yule yule aliyetaka kumuua! Hata leo, ukiingia kijijini ukamtafuta mtu kwa jina lililoko kwenye karte yake ya uchaguzi, watakuangalia tu. Uliza Papa Furaha, utapelekwa hadi mlangoni.

Wazee wenye miaka zaidi ya 60 wanakumbuka jambo kubwa kuliko hilo. Mwaka 1972 Mobutu aliamuru majina ya kigeni yatupwe. Yeye mwenyewe aliacha Joseph-Désiré akawa Mobutu Sese Seko. Kardinali Malula wa Kinshasa alipinga, akaishia Roma kwa muda. Watu waliofunga ndoa kanisani wakiwa Jean na Marie waliamka asubuhi wakiwa na majina mengine kabisa, tena kwa amri ya Serikali. Je, kuna zuji aliyesema ndoa za Zaire nzima zimekufa usiku mmoja? Hakuna. Hakuna hata mume mmoja aliyepata kisingizio hicho, na nina hakika wapo ambao wangekipenda. Mobutu alipoondoka mwaka 1997, kina Jean wakarudi hadharani, na wake zao walikuwa wale wale.

Halafu ikaja vita, na hapa ndipo majina ya Masisi na Walikale yalipoanza kuwa mambo ya kufa na kupona. Machi 1993 damu ilimwagika Ntoto, kule Walikale, na moto ukapanda hadi Masisi. Tangu wakati huo jina limekuwa kama kombati. Ukifika kwenye bariere, kijana mwenye bunduki anasoma jina lako na tayari anajua, au anadhani anajua, mama yako anaongea Kihunde, Kinyanga, Kitembo au Kinyarwanda. Watu walichukua majina ya jirani ili wapite. Wengine walipita hivyo mara moja wakarudia la kwao, wengine likawakaa mpaka leo. Mimi simhukumu mtu aliyebadili jina ili afike kwake akiwa na kichwa chake.

Wapo pia wa porini. Pale kila mtu ana jina la vita, na wakubwa wanayo mengi. Sylvestre Mudacumura, aliyeamuru jeshi la waasi wa FDLR kwa miaka mingi, alitolewa hati ya kukamatwa na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko La Haye mwezi wa Julai 2012, kwa makosa 9 ya kivita. Kwenye hati kuna majina yake mengine, na moja ni Mupenzi. Sikilizeni kwa sikio la Kiswahili: mpenzi! Aliuawa Rutshuru mwezi wa Septemba 2019. Huyo alikuwa mkubwa, majina yake yameandikwa La Haye. Walio wadogo hawana hati yoyote, ila wana wake vijijini kwetu, na wengi wa wake hao wanajua jina moja tu, lile la porini.

Na tusijifanye kwamba ni watu wa bunduki peke yao. Waliokaa kambi za wakimbizi za Bulengo na Lushagala wanajua habari ya jeton ya msaada. Mtu aliandikishwa hapa kwa jina hili, pale kwa jina lile, ili watoto wapate unga mara mbili. Kuna wanaume waliandikwa na mwanamke asiye wao ili familia ionekane kubwa. Njaa ina ujanja wake. Lakini orodha ya unga haifungishi ndoa, mama. Usije ukadai urithi kwa kuonyesha jeton.

Sasa twende kwenye sheria yenyewe. Sheria ya Familia ya Kongo ni ya tarehe 1 Agosti 1987, ikarekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Inapoeleza ndoa, inazungumza habari za mwanaume na mwanamke ambao hakuna kati yao aliyefungwa bado na ndoa nyingine iliyoandikishwa, na ambao wanaanzisha muungano wa kudumu. Inataka kila mmoja akubali mwenyewe, kwa kinywa chake. Inataka wote wawili wawe wametimiza miaka 18. Zamani msichana aliruhusiwa akiwa na 15, mwaka 2016 hilo likaondolewa. Inataka mahari, walau sehemu yake iwe imetolewa kweli. Hayo ndiyo mawe ya jiko. Jina limo ndani ya sheria, ndiyo, lakini kazi yake ni kutambulisha: tujue ni mtu gani anakubali, na anamkubali nani.

Kwa hiyo swali la zuji kwa Mama Furaha halitakuwa: uliambiwa anaitwa nani? Litakuwa: siku ile, mbele ya wazee, uliyemkubali ni nani? Ni huyu hapa? Kama ni huyu, yule aliyekuja kuposa, aliyeketi kwenye mkeka, ambaye shangazi zako walimchunguza meno na miguu, basi ulimkubali mtu, na mtu huyo yupo. Hukuolewa na herufi.

Kukosea mtu ni jambo jingine. Mnamkumbuka Yakobo katika Mwanzo sura ya 29. Miaka 7 alimtumikia Labani kwa ajili ya Raheli. Usiku wa arusi ukaja, giza, shela, na labda pia divai. Kulipokucha, pembeni yake yuko Lea. Huyo ndiye mtu aliyekosewa! Alitaka mwili huu akapewa mwili mwingine. Sheria yetu inalitambua kosa la namna hiyo juu ya mtu mwenyewe, na aliyekosea anaweza kwenda mbele ya zuji kuomba ndoa ibatilishwe. Yakobo yeye aliamua kutumika miaka 7 mingine. Kila mtu na mapenzi yake.

Katikati ya Yakobo na Mama Furaha kuna uwanja mpana, na humo ndimo mavoka wanapopigania mkate. Mwili ni ule ule, lakini mambo mengine yote aliyosema yalikuwa uwongo: jina, kijiji, jamaa, maisha ya nyuma. Je, huyo ni mtu yule yule? Sheria yetu ilitoka kwa Wabelgiji, na ya Wabelgiji ilitoka kwa Napoleon, kwa hiyo kesi moja ya Ufaransa inatuhusu kuliko tunavyodhani. Mwanamke mmoja aliolewa na bwana aliyeitwa Berthon. Baadaye akagundua kwamba bwana huyo aliwahi kuhukumiwa kazi ngumu kwa kushiriki katika mauaji. Akaomba ndoa ibatilishwe: mimi sikumkubali mfungwa! Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Kasasioni huko Paris, na mwezi wa Aprili 1862 majaji wakamkatalia. Walisema kosa linalobatilisha ni kosa juu ya mtu ni nani, kama mtu amejipachika utambulisho na jamaa ya mwingine. Kutojua tabia yake au makosa yake ya zamani hakutoshi. Na wakati ule Ufaransa haikuwa na talaka, ilifutwa mwaka 1816 ikarudi 1884. Basi mama yule alibaki amefungwa hapo hapo. Ilichukua zaidi ya miaka 100, hadi 1975, ndipo Wafaransa wakaandika kwamba hata kosa juu ya sifa za msingi za mtu linaweza kubatilisha.

Mimi naona majaji wa 1862 walikuwa wakali mno kwa mwanamke, lakini waliona jambo moja vizuri. Kuna tofauti kati ya mtu aliyejiita Bahati kwa sababu Bahati ni jina jepesi, na mtu aliyejiita Bahati kwa sababu kuna Bahati halisi, mtoto wa mzee fulani wa Ngungu aliyepotea vitani, naye akaja kuvaa ngozi yake, akachukua shamba lake, akaposa kwa heshima ya jamaa ile. Wa kwanza amebadili jina. Wa pili ameiba mtu. Na binti aliyekubali kuingia katika jamaa ile ana neno zito la kusema mbele ya zuji.

Kwa hiyo, mama, kabla ya kulia juu ya jina, uliza lilikuwa linaficha nini.

Lilificha mke mwingine? Hapo moto upo. Mwanaume ana ndoa iliyoandikishwa Rutshuru au Bukavu kwa jina lake la kweli, anakuja Walikale kutafuta dhahabu au kuchimba kasiterite kule Bisie, anajiita jina jipya, anaoa tena, anaandikisha tena. Ndoa ya pili haina uhai. Na haikufa kwa sababu ya jina, ilizaliwa imekufa kwa sababu ya ile ya kwanza. Angetumia jina lake la ubatizo, la babu yake na la mbuzi wake, isingesimama vilevile. Jina la uwongo lilikuwa pazia la kumzuia karani asione. Angalieni hata hivyo neno ambalo sheria imelitumia: ndoa iliyoandikishwa. Kama ile ya kwanza iliishia kwenye kasiksi na haikufika kwenye biro, mambo yanakuwa magumu, na mke wa kwanza ndiye anayeumia. Ninawaambia kila mara wanawake wa kwetu waende biro.

Lilificha umri? Hili linanisumbua zaidi kuliko yote. Binti ana miaka 15. Dada yake ana 20 na ana karte ya uchaguzi. Siku ya kuandikisha, mdogo anasimama na karte ya mkubwa, karani haangalii picha au amepewa kitu asiangalie, na kwenye kitabu anaolewa dada ambaye yuko nyumbani anatwanga sombe. Karte ya uchaguzi kwetu ndiyo kitambulisho cha karibu kila mtu, maana kwa miaka mingi nchi hii haikuwa na karte ya utaifa. Sasa hapo nani ameolewa? Dada hajaolewa, hakukubali chochote, hakuwepo. Mdogo amekubali kwa kinywa, lakini sheria inasema kinywa cha miaka 15 hakiwezi kufunga ndoa. Waliobaki na kitu mkononi ni baba aliyepokea mahari na karani aliyeandika uwongo. Na miaka 5 baadaye, dada mkubwa anapotaka kuolewa kweli, kitabu kinamwambia tayari ana mume! Nawaambia wazazi, mnaweza kuharibu mabinti wawili kwa karte moja.

Lilificha bunduki? Hapa niseme polepole. Msichana aliyechukuliwa njiani akitoka shamba, akapelekwa porini, akapewa mtu kama mke, hana ndoa. Iwe mtu yule alitumia jina la kweli au la vita, iwe baadaye walileta mbuzi kwa wazee wenye hofu, kile kitu cha kwanza hakikuwepo: kukubali. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya jeuri za kijinsia inasema hata mzazi au mlezi anayemlazimisha mtu kuingia ndoani ana kosa, na adhabu ni kifungo cha mwaka 1 hadi 12. Kwa hiyo binti aliyerudi kutoka porini asiambiwe na yeyote, wala pasta, wala mzee wa jamaa, kwamba ni mke wa mtu. Hana talaka ya kuomba. Hana mahari ya kurudisha.

Na kama lilificha woga tu? Mtu alikimbia, akaokoa roho, akapenda mahali, akaoa, akasahau kurudi kwenye jina lake, au aliogopa. Huyo ndiye Bahati wa Mama Furaha, na wako wengi. Ndoa yake inasimama.

Kuna kesi ya London ninayoipenda kwa ajili ya jambo hili. Mwanamke Mjerumani, Astrid Proll, alikuwa katika kile kikundi cha silaha cha Baader-Meinhof miaka ya 1970. Alitoroka Ujerumani akaingia Uingereza, na mwaka 1975 akaolewa na kijana wa hapo kwa jina lisilo lake, kwa karatasi zisizo zake. Mwaka 1978 polisi wakamkamata. Alipoona anarudishwa kwao, akaenda mahakamani kuomba itamkwe kwamba yeye ni mke halali wa Mwingereza, ili abaki. Jaji alimjibu jambo la ajabu, la pande mbili. Ndoa yako ni halali, jina la uwongo halikuivunja. Lakini mimi sitakupa tamko hilo unaloliomba, kwa sababu ulifika hapa kwa njia ya uwongo na makosa, na mahakama haimpi mtu faida ya uwongo wake. Ndoa akaachiwa, faida akanyimwa.

Naona hapo njia nzuri hata kwa mazuji wetu. Asiyejua asiadhibiwe kwa jina ambalo hakulitunga, na aliyedanganya asivune.

Hapa Wakatoliki mtaniuliza habari ya Kanisa. Sheria ya Kanisa ya 1983 inakaribiana na haya: kukosea mtu kunabatilisha, na kukosea sifa hakubatilishi isipokuwa kama sifa ile ndiyo uliyoitafuta hasa. Lakini imeongeza kitu juu ya hila. Aliyedanganywa makusudi ili akubali, kuhusu jambo linaloweza kuvuruga sana maisha ya ndoa, ndoa yake haisimami. Aliye na shida hiyo aanze kwa padri wa parokia yake. Na Waislamu wa Walikale na Goma, fikihi yenu ya Kishafii inasema walii akimwonyesha bibi arusi aliyeko mbele yao kisha akakosea jina, ishara inashinda jina. Nililifurahia hilo nilipolisoma, kwa sababu ndilo ambalo shangazi wa Nyabiondo angesema bila kusoma kitabu.

Sasa turudi kwa yule mchwa. Nimesema ndoa inasimama. Tatizo ni kwamba ndoa haikai moyoni peke yake. Inaishi pia kwenye vitabu vya biro za sekta na chefferie: Bashali, Bahunde, Osso-Banyungu na Katoyi kwa upande wa Masisi, Wanianga na Bakano kwa upande wa Walikale. Chefu wa sekta au wa chefferie ndiye afisa wa eta-sivili. Na ndoa iliyofungwa kimila katika jamaa, sheria inataka ipelekwe hapo iandikishwe ndani ya mwezi 1. Kabla ya hapo ni ndoa kati yenu, lakini huwezi kumpiga nayo mtu wa nje kifuani.

Fikiria sasa Bahati anakufa. Pengine alikuwa askari. Wako wengi walioingia jeshi la Serikali, FARDC, kwa makundi, mwaka 2009 baada ya mapatano ya tarehe 23 Machi kati ya Serikali na makundi ya porini kwa mfano, wakaandikwa kwa majina ya porini. Mshahara unatoka kwa jina moja, ndoa iko kwa jina la pili, karatasi ya kifo inatoka kwa jina la tatu, lile ambalo mama yake alilililia kwenye kilio. Mjane anafika kwenye dirisha la ofisi na majina 3 na watoto 4. Karani anamwuliza: bwana wako ni yupi kati ya hawa? Naye hana uwongo wowote aliousema maisha yake yote.

Kwenye shamba ni hivyo hivyo. Sheria ya urithi inawapa watoto robo 3 ya mali, na ile robo inayobaki ni ya mjane pamoja na wazazi na ndugu wa marehemu. Hao ndugu wa marehemu, wakitaka kumfukuza mjane kwenye kilima, hawana haja ya kusema ndoa si halali. Watasema tu: sisi ndugu yetu hakuitwa Bahati, hatumjui Bahati. Nimesikia maneno ya namna hiyo kwenye mabaraza, na wanaosema wamekula arusi ile na mifupa bado iko nyuma ya nyumba.

Kuna dawa, tena mbili. Ya kwanza ni ya shida. Mke akikosa karatasi iliyo sawa, sheria inakubali kuangalia maisha yenyewe: waliishi kama mume na mke, walitendeana hivyo, kijiji kiliwajua hivyo. Mashahidi wanaletwa. Mtoto naye hapotei, sheria yetu inasema wazi kwamba kila mtoto wa Kongo lazima awe na baba, azaliwe ndani ya ndoa au nje, na hata ndoa ikibatilishwa, aliyeingia kwa nia njema hapotezi yote.

Ya pili ni bora, kwa sababu inafanywa mwenye jina akiwa hai. Sheria hairuhusu mtu kujibadilia jina kama anavyobadili shati, ila tribinale ya amani ya mahali unapoishi inaweza kuruhusu kwa sababu ya haki, na inaweza kuamuru karatasi ya ndoa irekebishwe ili Bahati na yule mwingine wajulikane kuwa mtu mmoja. Najua mnachosema. Tribinale gani, katika hali hii? Vita vya 2024 na 2025 vilipita Masisi-Centre na Goma, vikafika Walikale-Centre mwezi wa Machi 2025, na biro nyingi si kama zilivyokuwa. Kweli. Ndiyo sababu nasema anzeni na kile kisichohitaji biro. Karatasi ya ndoa mliyo nayo, hata yenye jina baya, msiichane kwa hasira. Ipigeni picha kwa simu, mtume kwa ndugu wa mbali, muifunge kwenye plastiki ile ya chumvi.

Na wewe bwana unayenisikiliza huku umenyamaza, redio imewekwa mezani na mke hajui kwa nini umeongeza sauti. Najua unaogopa. Kuandika jina la uwongo kwa hila kwenye karatasi ya Serikali ni kosa, na kifungo chake kinaanzia miezi 6 kikifika hadi miaka 5. Sitakuficha hilo. Tafuta avoka kwanza, ueleze ilikuwaje, ulikuwa unamkimbia nani. Zuji atamtazama tofauti mtu anayekuja mwenyewe na mtu aliyevutwa shati.

Lakini kabla ya avoka kuna mkeka. Waite wale wale. Baba mkwe kama yu hai, shangazi waliokuchunguza meno, yule mzee aliyehesabu mbuzi na kulalamika kwamba mmoja ni mgonjwa. Kaa mbele yao kama ulivyokaa miaka 12 iliyopita, useme jina lako, la baba yako na la kilima ulikotoka. Watakasirika. Shangazi mmoja hakika atasema alijua tangu siku ile. Watakutoza mbuzi, na mimi nikiwa mzee ningekutoza wawili. Kisha mmoja wao anayejua kuandika aandike kwamba tuliyempa binti yetu ni huyu, na jina lake ni hili, waweke vidole, na karatasi hiyo Mama Furaha aishike yeye.